Nikikuona Ndipo Nalala

Usijifanye hukuwepo. Ulikaa viti vya nyuma, karibu na spika, siku mfamasia alipomvisha pete binti wa watu. Ulimwona mama wa mfamasia akisimama na simu ya yule binti mkononi, akatangaza kwamba nyumba yake haina siri, na kwamba kila anayeingia ukoo huu anaingia kwanza kwenye Duara. Ulimwona binti akitabasamu huku kidole chake kikisitasita juu ya kioo. Uliona pia, na usinibishie, kwamba kabla hajabonyeza alimtafuta mfamasia kwa macho, na mfamasia akatazama viatu vyake. Wewe ulifanya nini? Ulipiga makofi. Kisha ukainama kutafuta soda yako chini ya kiti. Watu husahau mambo kama hayo. Mimi nakumbuka hadi rangi ya soda.

Duara lilikuwa programu tu ya simu. Unaifungua, inakuja ramani ya mji, na juu ya ramani kila mwanafamilia ana picha yake ndogo ya uso. Akitembea, picha inatembea. Akikaa, picha inakaa, na chini yake panaandikwa amekaa kwa muda gani. Aliyeileta nyumbani alikuwa Kaka Mkubwa wa mfamasia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole ambaye hajawahi kusikika akipandisha sauti. Alieleza kwamba dunia imeharibika na kwamba wanaopendana lazima waonane. Sheria ya nyumba aliitunga yeye: simu haiachwi nyuma, haizimwi, haikosi chaji.

Binti alibonyeza pale palipoandikwa Nakubali.

Nyumbani kwa akina mfamasia walimwita Wakili, kwa utani, maana alikuwa bado hajaapishwa. Alikuwa anamalizia shahada ya pili ya sheria, na kazi yake ya mwisho ilikuwa andiko juu ya rasimu ya sheria ya jamii ya kidijitali, ile iliyokuwa ikingojea maoni ya wataalamu. Wenzake wote walikimbilia makampuni makubwa. Yeye aling'ang'ania kifungu kifupi ambacho wengi walikiruka, kilichosema kwamba sheria haitahusu taarifa za mtu zinazokusanywa kwa matumizi ya binafsi au ya nyumbani. Alikiita msamaha wa nyumbani. Alikuwa anauliza swali moja: kama mlango wa nyumba ndio mwisho wa sheria, anayewindwa ndani ya nyumba akimbilie wapi? Profesa aliyemsimamia alimwambia, akicheka, kwamba mambo ya mume na mke hayana tanbihi. Wakili hakucheka. Alikwenda kuzitafuta.

Sasa utaniuliza, mwanamke mwenye akili kama hiyo alibonyezaje Nakubali? Alijidanganya kwamba ni utafiti, kwamba atalijua Duara vizuri zaidi akiwa ndani yake. Ukweli ni kwamba alipenda kuonwa na mtu yule. Akiwa maktaba peke yake, alifurahi kujua kwamba ng'ambo ya mji, nyuma ya kaunta ya dawa, kuna mwanamume anaitazama picha yake ndogo na kutabasamu. Kuna ubaya gani hapo? Hakuna. Ndiyo maana mtego ule ulikuwa mzuri.

Mchana ule wa Ijumaa alikuwa kwenye chumba cha majadiliano cha maktaba ya kitivo, kile chenye ukuta wa kioo na feni inayolia kama mgonjwa. Mezani palikuwa na rasimu ya andiko, kalamu nyekundu, na kompyuta ndogo inayopata joto haraka. Mlango ulifunguliwa.

"Bwana Vidonge amefika," alisema bila kuinua kichwa.

"Umejuaje ni mimi?"

"Unanuka dawa ya kikohozi."

"Na wewe unanuka karatasi. Tutazaa mtoto mwenye harufu ya maktaba ya hospitali."

Alicheka, akainua uso, na mfamasia akaona macho yake yalivyokuwa mekundu. Alitoa kichupa mfukoni mwa koti lake jeupe, akavuta kiti karibu, akamwegemeza kichwa nyuma kwa kiganja chake. Wanafunzi waliokuwa nje ya kioo walianza kusukumana kwa viwiko. Wakili alihisi kidole gumba kikimfungua kope taratibu, na pumzi ya mwanamume yule kwenye paji la uso wake. Tone likaanguka, likachoma, likapoa.

"Fumba. Usifumbue mpaka nikuambie," mfamasia alisema. "Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, na ukae mbali na vifungu vya sheria."

"Hivyo vya mwisho sivimezi."

Alikuwa bado amefumba, dawa ikimtiririka mashavuni kama machozi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mfamasia. Hakuna mahali duniani alipojisikia salama kama pale. Na mfamasia alingoja saa hiyo hasa, macho ya mwenzake yakiwa yamefungwa, ndipo akasema alichotumwa.

"Mama anaomba uiondoe sura ya nne."

Wakili alifumbua macho.

Mfamasia alieleza harakaharaka, kama mtu anayesoma maelekezo nyuma ya boksi la dawa. Kwamba Mama amelia. Kwamba tangu ule mlo wa Jumapili, Wakili alipoieleza familia andiko lake linahusu nini, Mama halali vizuri, anasema mkwe anayekuja anaianika nyumba kabla hajaingia ndani. Kwamba wifi, dada yake mfamasia, naye amenuna. Kwamba kuna mada chungu nzima za kuandika, benki, magazeti, wezi wa mitandaoni, kwa nini iwe nyumba? Akamalizia kwamba yeye binafsi hana tatizo, lakini harusi imekaribia, na amani ni kitu kizuri.

"Wewe binafsi," Wakili alisema. "Huyo wewe binafsi nitaonana naye lini? Maana kila mara unakuja na Mama mfukoni."

"Usiwe hivyo, mpenzi."

"Umesubiri nifumbe macho."

Mfamasia aliinamisha kichwa. Kisha Wakili, kwa sababu alimpenda na alitaka aelewe, alijaribu kumweleza sura ya nne ina nini. Alisema kuna mwanamke ambaye yeye alimhoji Jumanne ya wiki hiyo, wa mwisho katika utafiti wake, aliyepatikana kupitia ofisi ya msaada wa kisheria. Masharti ya mahojiano yalikuwa makali, na aliyeyaweka alikuwa Wakili mwenyewe. Hakuna kurekodi. Hakuna majina. Mwanamke yule alipotaka kulitaja jina la mumewe, Wakili alimzuia kwa mkono, usiniambie dada, nisilolijua sitaweza kulisema. Na baada ya mahojiano aliifuta namba yake ya simu mbele yake, ili asibaki na njia ya kumpata. Alijivunia uangalifu huo. Kwenye andiko alimpa jina la Mshonaji, na hata ushonaji wenyewe alikuwa anafikiria kuubadilisha.

Alimweleza mfamasia kwamba mume wa Mshonaji hakumpiga hata kofi moja. Alichokuwa anafanya ni kumpokea mlangoni akirudi, kumvua viatu, na kumtajia kwa upole kila mahali aliposimama siku hiyo. Kwa nini ulisimama pale kwenye kona. Kwa nini ulikaa sana kwa daktari. Mpaka mwanamke akaacha kutoka. Halafu mume akaanza kumuuliza kwa nini amekaa sana bafuni. Siku alipokimbia alimwambia mtu mmoja tu, mama mkwe wake, akidhani mwanamke atamwelewa mwanamke. Mume alimfikia kituo cha mabasi. Alimrudisha kwa upole vilevile. Kilichofuata ndani ya nyumba ile Mshonaji alikisimulia akitazama ukutani, na Wakili hakuweza kukiandika chote. Mara ya pili hakumwambia mtu.

"Pole yake," mfamasia alisema. Na hapo, kwa kutaka kuupunguza uzito, akajaribu kutabasamu. "Ndiye huyo wa geti la kijani?"

Kalamu nyekundu ilidondoka.

Wakili hakuwa amemtajia geti. Hakuwa amemtajia mtaa, wala upande wa mji. Alimwuliza, kwa sauti ndogo sana, geti la kijani amelitoa wapi.

"Kwenye Duara, wapi tena? Picha yako ilikaa pale Jumanne mchana kutwa. Kaka ndiye aliyeiona. Juzi alipita kupaangalia, akaniuliza kama shemeji amepata fundi mzuri wa nguo, maana nyuma ya lile geti kuna cherehani zinalia. Nikamwambia sijui, labda gauni la harusi. Akafurahi sana. Akasema ataulizia mwenyewe."

"Ataulizia nini?"

"Suruali, sijui. Mbona umebadilika? Ni kukujali tu, Wakili wangu. Nyumba yetu ndivyo ilivyo. Marehemu baba alikuwa akimwambia mama kila jioni, nikikuona ndipo nalala. Kaka naye alikuwa akimwambia mkewe hivyohivyo. Na mimi nilikuambia wewe, siku ya pete. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alinong'onezwa maneno yale sikioni mbele za watu, na mwili wote ukamsisimka kwa furaha. Lakini aliyasikia mara nyingine pia, Jumanne, nyuma ya geti la kijani, mwanamke akiwa na uzi mdomoni. Aliyasema bila kuutoa uzi. Kila siku, dada, akishamaliza kunitajia nilikosimama, ananifunika shuka ananiambia, nikikuona ndipo nalala.

Jumanne ile Wakili alidhani ni maneno ambayo wanaume wote husema. Moyo ulimpiga kidogo, akaupuuza, akaendelea kuandika.

"Mke wa Kaka yako yuko wapi?" aliuliza.

"Si unajua. Masomoni, nje."

"Chuo gani?"

Mfamasia alianza kukaza kifuniko cha kichupa kilichokuwa kimeshakazwa.

"Nakuuliza chuo gani. Anasomea nini? Nyumbani kwenu hakuna hata picha yake moja. Sebuleni kuna alama nne za misumari ukutani, nilidhani mmepaka rangi. Anasomea nini, Bwana Vidonge?"

"Aliondoka," mfamasia alisema hatimaye. "Aliondoka bila kuaga. Tukaficha, ilikuwa aibu. Kaka aliumia sana, hujui alivyoumia. Alikonda. Analala sebuleni mpaka leo, anasema kitanda kikubwa. Hamtakii mabaya. Anataka kuzungumza naye tu."

"Mara ya kwanza alizungumza naye?"

Mfamasia alitazama viatu vyake.

"Ulikuwepo nyumbani, siku aliporudishwa kutoka kituo cha mabasi?"

Nakuomba umtazame mfamasia hapa, usigeuze uso kama kawaida yako. Si mtu mbaya. Huwapa wazee dawa nusu bei na kuwaandikia kwa herufi kubwa. Siku ile alikuwa chumba cha pili. Alisikia mlango ukifungwa kwa upole, akasikia na kilichofuata, akaongeza sauti ya redio. Alimweleza Wakili hayo yote akiwa ameshika kichupa cha dawa ya macho kwa mikono miwili. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, na jambo la kutisha ni kwamba hata wakati ule alitamani kumgusa shavu.

Badala yake alinyoosha mkono. "Nipe simu yako. Fungua Duara."

Mfamasia alifungua. Picha ya Mama ilikuwa nyumbani. Ya wifi ilikuwa saluni. Picha zao wawili zilikuwa zimelaliana juu ya maktaba, kama wapenzi. Na uso wa Kaka Mkubwa, ukitabasamu ndani ya kiduara chake, ulikuwa umetulia dukani kwake, na chini yake pameandikwa kwamba yuko hapo tangu asubuhi.

Mfamasia alishusha pumzi. "Unaona? Yuko kazini. Unatutisha bure."

Wakili alitaka kuamini. Alimwambia ampigie, amsalimie tu. Simu iliita kwa muda, kisha ikapokelewa na msichana wa kaunta, na kwa kuwa spika ilikuwa wazi wote wawili walimsikia vizuri.

"Bosi ametoka na gari. Simu ameiacha hapa mezani, ameichomeka chaji. Amesema isiguswe."

Mfamasia alikata taratibu. Kaka Mkubwa aliwahi kurudi kutoka mazishini kwa sababu amesahau simu. Sheria ya nyumba aliitunga yeye. Hakuwa amewahi kuiacha simu.

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Wakili alitafuta namba ya Mshonaji akijua hana, aliifuta mwenyewe kwa uangalifu wote ule. Alipiga ofisi ya msaada wa kisheria, ikaita bila kupokelewa. Ijumaa mchana hufunga mapema. Alipiga polisi. Aliyepokea alimsikiliza, akauliza kama kuna mtu aliyeumizwa tayari. Alipoambiwa bado, na kwamba anayetafutwa ni mke, alisema kwa heshima zote kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Msamaha wa nyumbani. Sheria haijapitishwa, na tayari kila mtu anaitii.

Alivua pete? Hapana, hakukuwa na muda wa mambo ya kwenye filamu. Aliiweka simu yake juu ya sura ya nne, akachukua mkoba.

"Nakwenda. Picha yangu itabaki hapa, Mama akiuliza mwambie nasoma."

"Kuna foleni. Hutapata gari."

"Basi nipeleke."

Simu ya mfamasia ililia mkononi mwake. Ulikuwa ujumbe wa Mama, na aliusoma kwa sauti bila kukusudia. Mwanangu, nakuona bado uko maktaba. Vizuri. Kaa na mchumba wako hapo hapo mpaka Kaka amalize jambo lake.

Walitazamana. Nimeona watu wengi wakitazamana, na najua tofauti kati ya macho yanayoomba msamaha na macho yanayoomba ruhusa. Ya mfamasia yalikuwa yanaomba vyote viwili. Wakili hakumpa hata kimoja. Alisukuma mlango, akapita katikati ya wanafunzi waliokuwa wakichungulia, akashuka ngazi. Alikuwa amefika kwenye maegesho aliposikia miguu ikimfuata, na funguo zikilia ndani ya mfuko wa koti jeupe. Mfamasia alimfungulia mlango wa gari. Mikono yake haikuwa na simu.

Wakili hakumwuliza kama anakwenda kumwokoa shemeji yake au kumwokoa Kaka yake. Aliogopa jibu. Alifunga mkanda. Gari likaingia barabarani, likafika kwenye daraja, na hapo foleni ikawameza. Lori mbele, basi nyuma, mvua ikianza kunyesha.

"Ningesema siku ile," mfamasia alisema akitazama lori. "Siku ya pete. Uliponitazama, nilijua unaniuliza nini. Kama ningetikisa kichwa tu, usingebonyeza."

"Ndiyo. Nisingebonyeza."

"Utanisamehe?"

"Endesha," Wakili alisema. Lakini hapakuwa na pa kuendesha.

Basi waache pale kwenye daraja, hawawezi tena kitu. Nina shida na wewe.

Wewe unakaa mtaa ule. Unalijua geti la kijani, unapita hapo kila siku, umeshapunguziwa suruali pale na yule mwanamke mkimya anayekaa mbali na dirisha. Sasa hivi kuna gari limesimama mbele ya nyumba yako, na amesimama mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi, anakusalimia kwa adabu na kukuuliza kama fundi wa ndani ni mwanamke na kama huwa yuko peke yake mchana. Anasema ni mke wake. Anasema anataka kuzungumza naye tu. Tayari unatafuta kitu cha kuinamia, kama siku ile ulivyotafuta soda. Usiiname. Usijiambie kwamba hayo ni mambo yao. Usiongeze sauti ya redio. Toka nje na viatu hivyohivyo, waite majirani kwa majina yao, simameni mbele ya geti mpaka wale wawili wafike, hata mkilowa.

Simu yake iko dukani, inachajiwa. Hakuna Duara linalomwona. Unamwona wewe peke yako. Inuka.